Kamera ya Idrisa na Mtani wa Baba

Jumatatu, 3 Februari

Uji tena. Umeshika chini kidogo. Baba kakataa kijiko cha kwanza, kakataa cha pili, kisha kafumba mdomo kabisa na kunitazama kama mimi ndiye niliyeumba ugonjwa wake. Nikaliacha bakuli. Gauni bado halijapigwa pasi na umeme ulikuwa umekatika.

Mzee Kibwana akaja na baiskeli zake mbovu, akapanga spana barazani kwetu kama kila asubuhi. Akauliza kwa sauti ya mtaa mzima kama huyu mpagazi hajafa tu, maana sanda alishamnunulia na sasa mende wanaitafuna. Baba akacheka. Akamjibu kwamba Mzaramo hanunui sanda, hela zote zinaishia kwenye ngoma. Uji ukaisha wote.

Mimi mwanawe wa kumzaa, nimembembeleza tangu alfajiri. Sikufua dafu.

Wivu ninao, nakiri. Jina langu Baba analisahau. Anasahau kwamba Mama tulishamzika, kila wiki ananiuliza amekwenda wapi. Lakini matusi ya mtani wake hajasahau hata moja. Utani wenyewe wameurithi, wa tangu enzi za misafara, mababu zetu Wanyamwezi wakipita kwa Wazaramo na mizigo kichwani kwenda pwani. Hawa wawili wakakutana karakana ya reli hapa Tabora wakiwa vijana. Sijawahi kusikia wakiambiana neno zuri. Baba alipoanza kupotea njia, Mzee Kibwana aliihamisha kazi yake ya kuziba pancha kutoka kwake Ng'ambo akaileta barazani petu Isevya. Hakuombwa na mtu. Alisema kivuli cha hapa ni kizuri. Baraza letu halina kivuli.

Jumatano, 5 Februari

Mzigo kutoka Dar umefika na basi. Kamera. Idrisa, mdogo wangu, anataka awe anamwona Baba kwenye simu akiwa ofisini kwake. Gadi kaifunga juu ya mlango wa mbele. Gadi ni mpangaji wetu, kijana wa Mbeya, anatengeneza simu sokoni, mikono yake inajua mambo hayo. Inaona baraza lote mpaka getini. Sauti haichukui. Gadi kasema ziko zinazochukua sauti, hii siyo. Idrisa kasema sauti ya nini, yeye anataka kumwona mzee tu.

Nikasema sawa. Nimechoka kubishana na watu wa mbali. Na nisijidanganye, nilifurahi. Kuna mwingine naye atamtazama, nikawaza, hata kama ni kwa simu.

Mzee Kibwana aliikagua, akavua kofia, akaipa salamu. Akamwambia Baba kwamba serikali imeanza kuhesabu wapagazi waliosalia.

Alhamisi, 6 Februari

Simu za Idrisa. Mbona mzee hana soksi. Mbona kakaa juani. Mbona kuku wanapita karibu na chakula. Napigiwa darasani, napigiwa ofisi ya walimu, napigiwa chooni. Leo simu imetetema mezani hadi watoto wakaanza kucheka.

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Ila yaweza kumchoma dada mtu mbavuni.

Nimeandika ujumbe: kama hizo soksi zinakuuma, panda basi uje umvalishe. Nikaufuta.

Jumamosi, 8 Februari

Kufua. Mvua. Shuka hazikauki. Baba kajichafua, nikambadilisha, kajichafua tena. Nimelia karoni nikisugua. Sikuwa na huzuni yoyote. Ulikuwa uchovu mtupu, umetafuta njia ya kutokea.

Jumatatu, 10 Februari

Kidato cha Tatu, vile vitenzi vya Kiingereza vinavyobeba neno dogo mgongoni. Wanavichukia. Siwalaumu. Leo ilikuwa zamu ya kutofautisha watch na watch over.

Nikawaambia hicho cha kwanza ni macho. Unatazama mpira, unatazama mvua, mpira hauna haja na wewe. Cha pili kina macho na kitu zaidi. Aliyelala, mgonjwa, mtoto, mbuzi. Unamtazama asije akapatwa na jambo, na jambo likitokea unainuka. Mechi huwezi kuitazama kwa kitenzi hicho. Mgonjwa unaweza.

Mifano yao ilikuwa mizuri kuliko ya kitabu. Mmoja kasema bibi yake na vifaranga, mwewe akiwa juu. Mwingine, wa Sikonge, kasema baba yake na bani la kukaushia tumbaku, moto ukizidi majani yanaharibika, ukipungua yanaharibika. Nikampigia makofi. Kisha msichana wa dirishani akauliza kama mtu anaweza kufanya hivyo akiwa mbali. Nikasema Mungu anaweza. Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka, mara ya kwanza wiki hii.

Jumanne, 11 Februari

Siku mbaya.

Nilivyoelezwa na majirani ni hivi. Baba alisusa uji. Mzee Kibwana akafanya mchezo wake wa kila siku, akampokonya bakuli, akajifanya anaula yeye. Akamvua kofia, akaivaa. Akanyanyua pampu ya baiskeli juu ya kichwa cha Baba na kuapa kwamba leo mpagazi atabeba mzigo apende asipende. Baba akajifunika uso kwa mikono, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Idrisa kaona hayo Dar, bila sauti. Kaona mzee ananyang'anywa chakula, anavuliwa kofia, ananyanyuliwa chuma, analia.

Simu yangu ilikuwa kwenye mkoba, nilikuwa darasani. Akampigia Gadi, aliyekuwa bado kitandani: mtu anampiga baba yangu, mtoe. Gadi akatoka mbio na usingizi wake, akaikuta pampu hewani. Akamkwida Mzee Kibwana. Kanzu ikachanika hadi kifuani. Akamsukuma nje ya geti na mzee wa watu akaangukia mtaroni, mbele ya wanawake waliokuwa wakichota maji bombani. Vifaa vyake vikatupwa nyuma yake.

Wanawake wanasema hakumtukana mtu hata mmoja. Aliinuka mwenyewe, akashikilia kanzu yake kwa mkono mmoja na kuondoka. Baba akawa anamwita.

Nimerudi nikakuta spana kwenye matope. Nimeziokota na kuziosha. Gadi kakaa kwenye ngazi kaficha kichwa, ananiambia dada mimi niliambiwa anapigwa. Najua. Hata mimi ningekimbia.

Jumatano, 12 Februari

Nilikwenda Ng'ambo baada ya kazi na spana kwenye kikapu. Mkewe kazipokea. Kasema mzee kalala. Saa kumi ya jioni, mtu ambaye hajui kulala mchana. Niliiona miguu yake chini ya pazia.

Baba hajala. Kakaa barazani anatazama geti.

Alhamisi, 13 Februari

Tumegombana na Idrisa kwa simu mpaka salio likaisha. Anasema aliona kwa macho yake. Namwambia macho yako yamekosa masikio. Anasema utani gani wa kumnyanyulia mgonjwa chuma, mambo ya kizamani hayo. Amesahau. Kaondoka hapa hajaota ndevu, na huko aliko mtu akikutukana kakutukana.

Nikamuuliza sasa asubuhi nani atakaa naye. Mkuu wa shule kaninyima ruhusa, mitihani iko karibu. Gadi ana kibanda chake. Idrisa akasema: "Dada, usihofu. Mimi nipo. Namwangalia."

Nilitaka kumpa somo la Jumatatu. Nilichoka kabla ya kufungua mdomo. Nikasema haya.

Ijumaa, 14 Februari

Baba kapotea leo.

Nimerudi saa saba, geti wazi, kiti kitupu, ndara moja kwenye ngazi. Nikampigia Idrisa. Alikuwa ametoka mkutanoni, simu aliizima kwa adabu ya mkutano. Akarudisha picha nyuma. Akaanza kunisimulia akilia: kainuka kwenye kiti, kachungulia getini, karudi, kakaa, kainuka tena, katoka. Yote kayaona. Kayaona yameshapita.

Sitaki kuandika saa zile. Nilipanda bajaji hadi stesheni, hadi sokoni, hadi barabara ya Kwihara. Gadi alifunga kibanda akazunguka na bodaboda. Mvua ikashuka. Msikitini wakatangaza. Nilikuwa naapa kwa Mungu kwamba akipatikana sitanung'unika tena kuhusu shuka.

Magharibi tumempata, nje ya ukuta wa karakana ya reli, amelowa chapachapa, mguu mmoja hauna kiatu. Mama muuza karanga alikuwa kamfunika turubai la biashara yake, karanga zake zinalowa. Kasema mzee alikuwa akiuliza kila apitaye kama zamu ya Kibwana imekwisha.

Jumapili, 16 Februari

Wodini. Homa ya mapafu. Nalala kwenye mkeka chini ya kitanda chake. Anapumua kwa kelele na mimi nahesabu bila kutaka.

Hajasema neno tangu Ijumaa.

Jumanne, 18 Februari

Idrisa kafika na basi. Kakonda uso. Kambusu Baba mkono, Baba kamtazama kama anavyotazama ukuta.

Mchana Gadi akaja na simu, akamwonyesha Idrisa ile picha ya Jumanne iliyopita tangu mwanzo wake. Mara hii tulikuwa pamoja, nikamtamkia kila kinachosemwa, maana maneno yao nayajua kwa moyo. Hapa anamuuliza kama hajafa. Hapa Baba anamwambia akauze shamba jingine la babu yake akachezee ngoma. Hapa, tazama, Baba ndiye anayempiga kwanza, kwa kijiko, begani. Idrisa alitazama ile mikono imefunika uso. Akasema, "Alikuwa anacheka." Nikasema ndiyo. Akatoka nje, akakaa muda mrefu kwenye benchi la wagonjwa.

Nilimwonea huruma na nilimkasirikia. Vyote viwili kwa pamoja.

Jumatano, 19 Februari

Idrisa kaenda Ng'ambo kuomba radhi. Kanunua kanzu mpya, sukari, mchele. Kapiga magoti kwenye sakafu ya watu. Kasema maneno mazuri sana, naomba radhi mzee wangu, shetani alinipitia, wewe ni baba yangu. Nilikuwepo, hata mimi yalinigusa.

Mzee Kibwana akamwinua. Akamwambia amesamehe, mwanangu, hakuna neno, binadamu hukosea. Akamuuliza habari za Dar. Akatuletea chai. Akatuombea safari njema. Hakututania hata chembe. Hakumwita Idrisa mtoto wa mpagazi. Hakusema tumechelewa kuleta fidia. Alitukarimu kama wageni walioshuka kwenye treni wakauliza njia.

Idrisa karudi amefurahi, anasema yamekwisha. Mimi sikuamini. Kwa miaka yote ninayomjua, ile ilikuwa mara ya kwanza Mzee Kibwana kunifanyia adabu ya wageni.

Alhamisi, 20 Februari

Baba karuhusiwa kurudi nyumbani. Kifua kimesafika. Kinywa ndicho kisichofunguka. Uji, mtori, chai ya maziwa, asali ya Sikonge kwenye ncha ya kidole. Hamna. Daktari kasema asipokula mpaka Jumatatu arudi apitishiwe mpira puani. Kasema pia kwa upole kwamba wazee wengine huamua imetosha.

Idrisa anataka kumpeleka Dar. Kuna muuguzi wa kukaa naye. Sina nguvu ya kukataa, na sehemu yangu moja inataka aende. Naiandika hapa kwa kuwa sina pa kuisemea. Nataka kulala. Nataka usiku mmoja mzima usio na harufu ya dawa.

Lakini Dar nani atamwita mpagazi?

Mzee Kibwana hakuja. Nilimngoja kama mjinga.

Ijumaa, 21 Februari

Nimekwenda mwenyewe. Niliwaza njia nzima. Mtani haombwi radhi. Radhi anaombwa mtu baki. Idrisa kwa adabu yake yote alikwenda kumalizia alichoanza Gadi, tena kwa magoti.

Nilimkuta nje, kainama kwenye tairi. Watu wametoka Ijumaa, njia imejaa. Mimi ni mwalimu wa watoto wao. Maisha yangu yote nimemwamkia mzee huyu shikamoo, utani niliwaachia wao wakubwa. Leo sikumwamkia.

Nikasema, "Wewe Mzaramo. Uliuza shamba la babu yako ukachezea ngoma, leo kanzu imechanika unajifungia ndani kama mwali. Mpagazi wako anakufa na njaa na wewe unanywesha wageni chai. Njoo umlishe, au utuambie umeshindwa tutafute mtani mwingine, hata Mdigo."

Wapita njia wakasimama. Kuna mtu alisema mwalimu kaingiwa na nini.

Mzee Kibwana aliendelea kutazama tairi. Nilidhani nimeharibu, nimemtukana mzee hadharani na sasa basi. Kisha akafuta mikono kwenye kitambaa.

"Mwalimu mzima," akasema. "Hujui hata kutukana."

Nikamwambia ndiyo kwanza naanza, na mwalimu wangu amenikimbia.

Akaniuliza shikamoo yake iko wapi. Nikamwambia hana. Akasema wapagazi hawana malezi, akaingia ndani kutafuta kofia. Nilikaa chini palepale kwenye gogo lake la kukalia na kulia mbele ya watu. Akatoka, akaniona, akasema faini ya machozi ni kuku, na faini ya kanzu ni kuku mwingine, na yule mdogo wangu wa Dar aje awakimbize mwenyewe kwa miguu yake.

Jumamosi, 22 Februari

Alikuja mapema. Gadi alimfungulia geti akitazama chini. Mzee Kibwana akamwambia apishe, mla ndizi wa Mbeya, asije akamchania na kanzu hii. Gadi akacheka mpaka machozi.

Akamkalia Baba mbele. Hujafa tu. Baba hakujibu. Hakumtambua, au alimtambua akiwa mbali sana. Mzee Kibwana akarudia. Akanyanyua pampu. Akamvua kofia, akaivaa yeye. Baba alimtazama tu, na mikono haikuinuka. Niliuma mdomo. Tumechelewa, nikajiambia. Tulichukua kitu kilichokuwa kimebaki kimoja na tukakivunja.

Mzee Kibwana aliishusha pampu. Akamvika Baba kofia yake, akainyoosha vizuri. Kisha akaniambia nilete uji na niende zangu jikoni, wanaume wana mazungumzo.

Bakuli lilirudi nusu.

Jumapili, 23 Februari

Idrisa karudi Dar. Peke yake. Aliwakimbiza kuku kwa miguu yake uani kwa Mzee Kibwana, kaanguka, suruali ya kazini imechafuka, Mzee Kibwana kashangilia dirishani. Wakati wa kuaga hakumwombea safari njema. Alimwambia Dar ni ya Wazaramo, asisahau kulipa kodi.

Akiwa ndani ya basi Idrisa kanipigia. Hakuuliza soksi. Kauliza leo Mzee Kibwana amemwambiaje Baba.

Jumanne, 25 Februari

Mvua imetulia. Hatukwenda hospitali jana, hakukuwa na haja. Nimelala usiku kucha, kwenye kiti, shingo inaniuma.

Baba haongei. Daktari anasema huenda isirudi tena, sauti yake. Mzee Kibwana anaijua sauti hiyo. Anamtukana Baba, anangoja kidogo, kisha anajijibu mwenyewe kwa lile koo zito la Baba, kwa maneno yaleyale ya Baba, ya shamba na ya ngoma. Jibu likimuuma anakasirika kabisa, anatukana tena. Katikati ya tusi na jibu anatia kijiko, na Baba anafungua mdomo.

Leo nilisimama nyuma ya mlango, mkoba begani, nikawasikiliza wote wawili. Kisha nikaenda kazini.